Kazi ya Wasiokuwa Staringi

Katika sinema ya The Matrix Reloaded, iliyotolewa mwezi Mei 2003, limo tukio moja ambalo watazamaji wengi walilipita bila ya kulitia moyoni. Morpheus, akiwa juu ya lori refu linalokwenda shoti katika barabara kuu, anapigwa teke na adui asiyechoka wala asiyejua huruma, anatupwa hewani, na katika nukta ile ambayo macho yote yamekwisha kuamini kwamba lami ndiyo itakayompokea, anaangukia boneti ya gari lililotokea nyuma, ambalo usukani wake umo mikononi mwa mwanamke aitwaye Niobe. Tukio hilo halimalizi muda wa mtu kumeza mate mara mbili, kisha sinema inashika njia yake, na mwanamke yule anaachwa nyuma kama mpita njia aliyetoa msaada akaenda zake. Katokea wapi? Nani aliyempa habari? Alipenya katika magari mangapi, na hatari ngapi, hata akafika pale kwa wakati ule hasa? Sinema haisemi, wala haina wasaa wa kusema, kwa kuwa staringi wake ni Neo, na kamera humwandama staringi kama kivuli kimwandamavyo mwenye mwili. Jawabu la maswali hayo liliwekwa mahali pengine kabisa, katika mchezo wa video uitwao Enter the Matrix, ulioingia madukani juma lilelile, ambao ndani yake wewe mchezaji ndiwe unayelikimbiza gari lile, ndiwe unayepenya baina ya malori, na ndiwe unayechelewa, ukarudishwa mwanzo, ukajaribu tena, hata ukawahi kumdaka mtu anayeanguka.

Miaka zaidi ya ishirini imepita, na mchezo huo, popote utajwapo, hutajwa kwa ila zake kwanza. Sina nia ya kuzikanusha ila hizo, maana nilizijua kwa vidole vyangu kabla sijazisoma katika maandishi ya wahakiki; lakini naona kwamba hukumu iliyopitishwa juu yake ilichanganya mambo mawili yasiyofanana hata kidogo, yaani taksiri iliyoletwa na haraka ya biashara, ambayo haina udhuru, na uamuzi wa kumnyima mchezaji nafasi ya kuwa Neo, ambao watu waliuita kosa, nami nimeuona tangu siku ile hata leo kuwa ndio fadhila kubwa ya mchezo mzima. Nauombea mchezo huu insafu, wala siuombei huruma.

Yafaa kwanza ijulikane kwamba huu haukuwa mchezo uliobandikwa jina la sinema kama bei ibandikwavyo juu ya kopo. Uliandikwa na kuongozwa na wenye hadithi wenyewe, Lana na Lilly Wachowski, ambao, walipokuwa wakipiga kwa pamoja sinema mbili, Reloaded na Revolutions, waliwasimamisha waigizaji mbele ya kamera na kupiga picha za takriban saa moja zaidi, ambazo hazikukusudiwa ukumbi wa sinema, bali mchezo peke yake. Jada Pinkett Smith ndiye Niobe humo kama alivyo katika sinema, na Anthony Wong, mwigizaji wa Australia, ndiye Ghost, mwenzake wa safari. Mapigano yalisanifiwa na Yuen Woo-ping, bingwa yule wa Hong Kong ambaye katika sinema ya kwanza, ya mwaka 1999, aliwafundisha waigizaji wa Marekani kupigana kung fu kwa namna ambayo hata sisi tuliolelewa na sinema za Kichina tulinyanyuka vitini. Kazi ya kuyatia yote hayo ndani ya mashine ilikabidhiwa Shiny Entertainment ya California, chini ya David Perry, mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini, aliyekuwa amejipatia jina kwa mchezo wa Earthworm Jim wa mwaka 1994. Mwaka 2002 Shiny ilinunuliwa na kampuni ya Kifaransa ya Infogrames kwa dola milioni 47, na mwaka uliofuata Infogrames ikalivaa jina la zamani la Atari, jina ambalo nitalirudia mbele, kwa kuwa lina habari yake katika mambo haya ya sinema na michezo.

Mimi niliukuta mchezo huu katika banda la gemu la mtaani, mahali ambapo mashine ya PlayStation 2 ilifungiwa ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli, na muda wa kucheza ukanunuliwa kwa dakika kama maji yanunuliwavyo kwa dumu. Sote tuliokaa katika benchi lile tulikuwa tumetoka katika shule moja, nayo ni mabanda ya video, ambamo sinema za kigeni huonyeshwa huku msimulizi akizifasiri kwa Kiswahili, akiongeza, akipunguza, akiwapa wapiganaji majina ya mtaa; shule ambayo Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya ni miongoni mwa walimu wake wakuu. Kanuni ya kwanza ya shule hiyo, ambayo mtoto huijua kabla hajajua kusoma, ni kwamba staringi hafi. Kanuni ya pili, isiyotamkwa, ni kwamba asiyekuwa staringi hana thamani ila kwa kadiri anavyomfaa staringi: atampigia simu, atampa bunduki, atakufa mikononi mwake ili staringi apate sababu ya kulipiza kisasi. Basi diski ilipotiwa, na mchezo ukatutaka tuchague baina ya Niobe na Ghost, swali lililotoka vinywani mwa wote lilikuwa moja: Neo yuko wapi? Na mwenye zamu, alipofahamu kwamba Neo hayumo katika wa kuchaguliwa, alihamaki mithili ya mtu aliyelipa nauli ya Mombasa akashushwa Mtito Andei.

Swali hilohilo liliulizwa Marekani na Ulaya na watu waliokinunua kisahani kizima kwa fedha zao, na lingali likiulizwa. Nitalijibu, lakini kwanza nimalize habari ya ila, maana mtetezi anayeficha makosa ya anayemtetea humdhuru kuliko mshtaki.

Kamera ya mchezo ilikuwa adui kuliko maadui wenyewe. Ukiingia katika chumba chembamba ukashikana na walinzi watatu, kamera hujificha nyuma ya nguzo, nawe hubaki kusikia makonde bila ya kuyaona, usijue kama ni wewe unayepiga au ni wewe unayepigwa. Walinzi walitokea milangoni wakiwa na nyuso za namna moja, kama ndugu waliozaliwa siku moja kwa mama mmoja, na baadhi yao, badala ya kukukabili, walikimbilia ukutani wakaendelea kukimbia papo hapo, miguu ikienda na mwili usiende. Mabaraza ya uwanja wa ndege, mifereji ya maji machafu, vyumba vya mtambo wa umeme, vyote vilipakwa rangi moja ya majivu, hata ikawa mtu hupotea si kwa sababu njia ni ngumu, bali kwa sababu mahali hapa na mahali pale hapana tofauti. Na hapo ndipo penye dhambi kubwa, maana sinema yenyewe ilikuwa karamu ya macho: kila ukuta wake ulikuwa na sababu ya kuwa ulivyo, na ule ukijani wake hafifu uliofunika ulimwengu wa uwongo ulikuwa ni sehemu ya maana yake.

Kuhusu magari nitasema kidogo, kwa kuwa hata sasa nikikumbuka nasikia uchungu. Barabara kuu ya sinema ilijengwa kwa ajili ya sinema: waliitandaza katika uwanja wa zamani wa jeshi la majini huko Alameda, California, urefu wa zaidi ya kilomita 2, ili magari yavunjwe humo kwa uhuru bila ya kumdhuru raia. Barabara ya mchezo, kinyume chake, ilikuwa na majengo yanayofanana na makasha yaliyochorwa madirisha, na gari lenyewe halikuwa na uzito. Ulilipinda nalo likateleza kana kwamba limepakwa mafuta chini. Aliyemchagua Ghost hakupewa hata usukani, alitolewa kiwiliwili dirishani na kupewa kazi ya kufyatua risasi, huku Niobe, akiongozwa na mashine, akiligonga gari mahali ambapo dereva mwenye akili timamu hapagongi. Fauka ya hayo, mchezo ulikuwa mfupi, mwenye mkono mwepesi aliweza kuumaliza kwa siku moja, na programu yake ilikuwa na mashimo ambayo yalionyesha wazi kwamba walioitunga walinyang'anywa kazi mikononi kabla hawajaridhika nayo.

Sababu ya yote hayo haikuwa uchache wa maarifa, maana Shiny walikuwa mafundi. Sababu ni tarehe. Sinema ilikuwa imekwisha kutangaziwa siku yake, na siku ya sinema haingojei mtu. Na kwa kuwa biashara ilitaka mambo mawili yawe moja, mtu atoke ukumbini jioni akaununue mchezo asubuhi, mchezo ukalazimishwa kuzaliwa na sinema kitanda kimoja, uwe umetimia miezi au haukutimia. Wauzaji hawakupata hasara kwa jambo hilo, kwani nakala zipatazo milioni 5 ziliuzwa hatimaye. Hasara iliingia katika kazi yenyewe, nayo ndiyo hasara ambayo vitabu vya hesabu havina safu ya kuiandika.

Nilisema nitalirudia jina la Atari. Mwaka 1982, sinema ya E.T. ya Steven Spielberg ilipoujaza ulimwengu machozi, Atari ya wakati ule, ambayo si kampuni ile iliyolirithi jina baadaye, ilipata haki ya kuifanyia mchezo katika mwezi wa Julai, ikataka uwe tayari kwa sikukuu ya Krismasi. Howard Scott Warshaw, kijana aliyekwisha kutunga mchezo wa Raiders of the Lost Ark kwa ufanisi, alipewa majuma matano. Aliifanya kazi hiyo peke yake takriban yote, kwa bidii ambayo hakuna awezaye kuilaumu, na kilichotoka kilikuwa mchezo ambao kiumbe wake hutumbukia katika mashimo, akapanda kwa tabu, akatumbukia tena. Shehena ya nakala zisizonunuliwa, pamoja na za michezo mingine, ilizikwa jaani huko Alamogordo, New Mexico, mwaka 1983, na mwaka 2014 watu wakaja na mitambo wakaifukua, wakaikuta. Miaka ishirini baina ya E.T. na Enter the Matrix haikuwafundisha wenye fedha jambo hili dogo, kwamba hadithi inaweza kusubiri.

Na ushahidi kwamba inaweza kusubiri ulikuwa mbele ya macho yao. GoldenEye, sinema ya James Bond, ilitoka Novemba 1995. Mchezo wake, GoldenEye 007, ulitoka Agosti 1997, wakati sinema imekwisha kusahauliwa vibandani. Kampuni ya Rare, huko mashambani Twycross nchini Uingereza, iliwaachia kazi hiyo watu wachache, wengi wao wakiwa hawajapata kutengeneza mchezo maishani mwao, chini ya Martin Hollis, na ule uchelewaji ambao mfanyabiashara angeuita maafa ndio uliowapa nafasi ya kuongeza, katika miezi ya mwishoni, namna ya watu wanne kuchuana katika kioo kimoja kilichogawanywa robo nne. Nakala zaidi ya milioni 8 ziliuzwa. Mtu anapowinda katika nusu ya giza ya robo yake ya kioo, akijua kwamba sahibu yake aliye bega kwa bega naye anamchungulia kwa pembe ya jicho, hakumbuki kabisa kwamba sinema ilitoka mwaka juzi.

Sasa nilijibu swali la benchi.

Sinema, kwa asili ya sanaa yake, hukata. Mtu anasema twende, na picha ifuatayo anaonekana amekwisha kufika. Safari iliyo katikati, kwa maana ya ngazi alizopanda, milango aliyoikuta imefungwa, hofu aliyoimeza, yote hayo mkasi umeyapitia, nasi tunashukuru, maana tungechoka. Mchezo haukati, au hukata kwa shida, kwa sababu mkono wa mchezaji lazima uwe na kazi, na kazi ni ile safari ya katikati hasa. Basi mchezo unaompa mtu tukio lilelile la staringi ambalo amekwisha kuliona humpa kazi ya kunakili: anajua Neo atashinda, amemwona akishinda kwa uzuri usiofikika, na kila akipiga konde pungufu anajiona ameiharibu sinema. Bali mchezo unaokwenda kuokota vile vipande ambavyo mkasi uliviangusha sakafuni umeipata kazi yake yenyewe, isiyokuwa ya kuazima.

Nitatoa mfano ulionikaa moyoni. Katika sehemu ya mwisho ya Reloaded, ili Neo aufikie mlango alioandikiwa, lazima umeme wa mji ukatwe na mtambo wa akiba uzimwe pia, na kazi hiyo wamegawiwa watu wa vyombo vingine viwili: wa Logos, chombo cha nahodha Niobe, waulipue mtambo, na wa Vigilant, chombo cha nahodha Soren, washughulike na ule wa akiba. Sinema inatuonyesha jambo hilo kwa vipande vya haraka, sauti ya Morpheus ikieleza juu yake, mtambo unalipuka, mji unaingia gizani, na fikira zetu zinabaki kwa Neo. Katika mchezo, mtambo ule ni usiku mrefu. Unaingia kwa kunyemelea, unagunduliwa, unapigana ngazi kwa ngazi, na wakati wote huo Neo hayupo, hakujui, hatakushukuru, wala hatapata kuona kilichofanywa. Utakapomwona akipita mlangoni salama, ni kwa sababu wewe ulikuwa gizani. Sijui kama wako wengine walioathirika kama mimi, lakini mimi nilitoka bandani siku ile nikiwatazama watu kwa namna nyingine: utingo anayelala juu ya mizigo, mlinzi wa zamu ya alfajiri, mwanamke anayewasha jiko la maandazi mji ungali umelala. Sinema haikunifundisha kuwatazama. Mchezo wenye kuta za majivu ndio ulionifundisha.

Na ndani ya usiku huo mrefu mlikuwa na raha ambayo hakuna ila iliyoweza kuifuta. Mchezo ulimpa mchezaji akiba ya nguvu, iliyoitwa Focus, ambayo ukibonyeza kitufe kimoja na kukishikilia, wakati wenyewe hulegea: sauti huzama kana kwamba umeingia chini ya maji, risasi huonekana zikija na mawimbi yake nyuma, na mwili wako, katika uzito ule wa wakati, hubaki mwepesi. Ndipo unapoweza kuukimbilia ukuta, ukaukanyaga hatua nne tano, ukajipindua juu ya kichwa cha mlinzi, ukatua nyuma yake, ukamnyang'anya bunduki kabla hajageuka. Ni kweli kwamba Max Payne, mchezo uliotungwa Finland, ulikuwa umekwisha kuuonja ulegevu huo wa wakati mwaka 2001, na ulikuwa mchezo uliokamilika kuliko huu. Lakini ule ulikuwa wa mtu mwenye bunduki anayejirusha, ilhali huu uliutia wakati uliolegea ndani ya viungo, katika mateke, mabega, na kukamata kiganja cha mtu kinachokuja usoni. Tulizoea kumtazama mwenzetu akifanya hivyo bandani kama watu wanavyomtazama mcheza ngoma hodari: hakuna aliyeuliza ameshinda au hakushinda, tuliuliza atarudia tena lini.

Akiba hiyo, hata hivyo, ilikwisha, na ilikwisha haraka. Na maajenti, wale watu wa suti na miwani mieusi ambao Neo huwachezea kama mtoto achezeavyo kuku, kwako wewe hawakuwa wa kupigana nao. Ukimwona ajenti, kimbia. Ndiyo amri pekee. Unaweza kumyumbisha kidogo, ukapata nafasi ya kuufikia mlango, basi. Watu waliokuja kutafuta utukufu walichukizwa na jambo hilo, nami naliona kuwa ndiyo insafu ya hadithi, maana tangu sinema ya kwanza tuliambiwa kwamba kila aliyepata kusimama mbele ya ajenti amekufa, lakini kwa kuwa tulimwandama Neo tulilisahau neno hilo. Mchezo ulilirudisha. Moyo ulipiga kwa namna ambayo sinema mbili zilizofuata hazikunipigisha hata mara moja.

Nisisahau ule mlango mwingine wa siri. Katika orodha ya mwanzo palikuwa na kioo cheusi chenye herufi za kijani, ambamo mchezaji aliandika amri kama mtu avunjaye kufuli za kompyuta, akafungua mafaili, akakuta barua, akatafuta vidokezo, akafanikiwa, kwa mfano, kuuangusha upanga katika mahali fulani pa mchezo ili aukute baadaye akipita. Kwa pedi ya mashine ile, kila herufi ilichaguliwa moja moja, kazi ya subira kubwa, na mwenye banda alilalamika kwamba tunaimaliza zamu kwa kuandika. Lakini ilikuwa mara yangu ya kwanza maishani kuiamuru kompyuta kwa maneno, ikatii, na nina hakika si mimi peke yangu katika Afrika Mashariki ambaye mlango huo wa mchezo ulimfungulia mwingine wa kweli.

Miaka miwili baadaye, katika Novemba 2005, mafundi walewale na waandishi walewale walitupa tulichokililia. The Path of Neo ulimweka Neo mikononi mwetu kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwa hesabu ya ufundi ulikuwa bora kuliko ndugu yake katika mambo kadhaa. Lakini walipofika mwishoni walikutana na kizuizi ambacho kanuni ya benchi ingekitabiri: katika sinema, Neo hamshindi adui yake mkuu, Smith, kwa ngumi, humshinda kwa kujisalimisha na kufa, na mchezaji aliyepigana saa nyingi hawezi kuambiwa aweke pedi chini afe. Waandishi wenyewe wakajitokeza kiooni kama sanamu ndogo za michezo ya zamani, wakaeleza waziwazi kwamba kifo cha shahidi chafaa sinema wala hakifai mchezo, na kwa hiyo wamebuni mwisho mwingine. Kisha akainuka Smith mkubwa kama ghorofa, aliyeumbwa kwa vifusi na magari yaliyovunjika, akapigwa, akaanguka, na wimbo wa ushindi wa kundi la Queen ukapigwa. Staringi hakufa. Niliwaheshimu kwa kusema kweli mbele ya mchezaji, na papo hapo nilihisi nimenyang'anywa kitu, kwa kuwa maana nzima ya hadithi ile, iliyogharimu sinema tatu, ilivunjwa ili mimi nifurahi. Niobe na Ghost hawakuhitaji fadhila hiyo. Hakuna kanuni iliyowalinda, na kwa hiyo hadithi yao iliweza kwenda ilikokwenda.

Ilikwenda chini ya ardhi, katika mashimo ya mabomba ya mji uliokufa, Logos ikikimbizwa na mashine zile zenye mikia mingi mithili ya pweza wa chuma. Aliyemchagua Niobe hushika usukani wa chombo, aliyemchagua Ghost hushika mzinga, na mwisho wa mbio hizo hauna ushindi: mashine zimezidi, njia imekwisha, na lililobaki ni kuutoa ule mpigo wa umeme ambao huwaua pweza na kukizima chombo chenyewe pia. Chombo kinaanguka. Taa zinazimika. Niobe, Ghost na Sparks, mwendeshaji wao, wanakaa gizani wakingoja, pengine waokolewe, pengine wasiokolewe, na mchezo unaishia hapo. Bandani palizuka makelele ya watu waliodhani diski imeharibika.

Mwezi Novemba 2003 ikatoka The Matrix Revolutions, nami niliitazama baadaye katika banda la video, katikati ya watu wengi, msimulizi akiwa kazini. Humo chombo kiitwacho Hammer kinaikuta Logos imelala gizani, bila umeme, watu wake wangali hai, na jambo hilo linapita kwa haraka kama lilivyopita lile la boneti. Msimulizi alisema tu kwamba wamepatikana jamaa fulani, akaendelea. Kisha Neo anaomba chombo cha kumpeleka kwenye Mji wa Mashine, ambako hakuna mwanadamu aliyepata kwenda, na nahodha wa Hammer anamwona amerukwa na akili. Niobe anampa chake. Ukumbi mzima ulikuwa ukimtazama Neo akipanda Logos. Mimi nilikuwa nikikitazama chombo, nikikijua kila kona yake, na vidole vyangu vilikuwa vikibonyeza magotini.